Wadyula: kola, chumvi na kilemba

Ukifika Makambako, Tunduma au Mbeya mjini ukauliza duka fulani kubwa ni la nani, mara nyingi utajibiwa kwa neno moja: "La Mkinga." Anayekujibu huenda hajui kama mwenye duka ametoka Makete kweli. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini jina la kabila limeshakuwa karibu sawa na jina la kazi. Sasa ligeuze jambo hilo, kichwa kiwe miguu, ulipeleke Afrika Magharibi na kulirudisha nyuma miaka mia sita na ushei, utakuwa umewapata Wadyula. Wao walianza na jina la kazi, likaishia kuwa la kabila.

"Jula" katika lugha za Kimande, yaani Kimalinke, Kibambara na ndugu zake, ni mfanyabiashara, hasa yule wa safari ndefu. Wafaransa wakaandika Dioula, wengine Dyula au Juula, lakini mdomoni ni "jula" tu, kama tunavyotamka sisi. Asili yao ni Wamande, wengi wakiwa na mizizi ya Kisoninke, waliotawanyika kusini na mashariki enzi za dola ya Mali, karne ya 13 na 14, wakiifuata dhahabu na kola. Leo wapo kaskazini mwa Ivory Coast, magharibi mwa Burkina Faso, Mali kusini na sehemu za Ghana. Waarabu na Wahausa waliwajua wafanyabiashara hawa kwa jina la Wangara.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi wanaotafuta habari zao mtandaoni. Wapo watu wa Casamance, kusini mwa Senegali, wanaoitwa Jola, ambao Kifaransa huwaandika Diola. Herufi moja tu inakosekana, lakini hao ni wakulima wa mpunga wa majarubani, lugha yao si ya Kimande kabisa, na historia yao haihusiani na misafara ya dhahabu. Ukisoma makala "ya Wadyula" ukaona mpunga na Casamance kila aya, ujue umeingia nyumba ya jirani.

Tuanze na bei, maana bei ndiyo inayoeleza kwa nini mtu atembee miezi na punda. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu, aliingia Mali mwaka 1352. Njiani alipita Taghaza, kijiji cha machimbo ya chumvi katikati ya jangwa, ambako nyumba na msikiti vilijengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Akaandika bei: mzigo mmoja wa chumvi ukifika Walata, mji wa ukingo wa kusini wa jangwa, unauzwa mithkali 8 hadi 10, ukifika mji wa Mali, 20 hadi 30, na wakati mwingine hata 40. Mithkali moja ni kama gramu 4 na robo za dhahabu. Kwa hiyo kipande kimoja tu cha njia kinaongeza bei mara mbili au tatu, na hapo chumvi bado haijashuka kusini kwa wachimba dhahabu, ambako hakuna chumvi ya mwamba. Wazee wa bonde la Rukwa wataelewa haraka: chumvi ya Ivuna nayo ilitengenezwa tangu karne nyingi, maana asiye na chumvi humfuata aliye nayo popote alipo.

Siku kumi baada ya kutoka Walata, Ibn Battuta alifika kijiji kikubwa cha Zaghari. Wenyeji wake walikuwa wafanyabiashara weusi aliowaita Wanjarata, ndio hao Wangara, na pamoja nao waliishi watu weupe wa madhehebu ya Ibadhi waliojulikana kama Saghanughu. Sisi tukisikia Ibadhi tunawaza Oman na Unguja. Hawa walikuwa tawi la Afrika Kaskazini. Cha ajabu ni kwamba jina hilo la Saghanughu baadaye tunalikuta likiwa la ukoo mkubwa wa mashehe wa Kidyula, na Wamaliki kamili, yaani Wasunni wanaofuata madhehebu ya Imam Malik. Karne hiyohiyo ya 14, kumbukumbu za mji wa Kano, Nigeria ya leo, zinasema Wangarawa kutoka Mali ndio walioleta Uislamu mjini humo wakati wa mfalme Yaji, aliyetawala 1349 hadi 1385. Waliingia kama wageni wenye bidhaa na vitabu, wakamfundisha mfalme kusali.

Ramani ya biashara yao ukitaka kuielewa, usianze na falme, anza na wanyama. Jangwani mzigo unabebwa na ngamia: bamba la chumvi ya Taoudenni, machimbo mengine ya jangwani, lina kama kilo 30 hadi 40, na ngamia mmoja hubeba manne. Ngamia anaishia Timbuktu. Hapo chumvi inapakiwa mitumbwini na kupandishwa mtoni hadi upande wa mji wa Jenne. Kutoka Jenne, nyikani, kazi ni ya punda. Punda naye ana mwisho wake: akikaribia msitu anakutana na mbung'o, na mbung'o akimuuma punda, safari imekwisha, ni ugonjwa wa kukonda na kufa. Kwa hiyo ukingoni mwa msitu mizigo yote inashushwa, inagawanywa upya, inapanda vichwani mwa wapagazi. Kila mahali mnyama mmoja anapokomea na mwingine kuanzia pana mji, na karibu kila mji wa namna hiyo una mtaa wa Wadyula: Bighu (huandikwa pia Begho) katika Ghana ya leo, Bondoukou, Kong, Odienné, Bobo-Dioulasso. Mtaa wa Waislamu wa Bighu uliitwa Kramo, na hadi leo Waakan wa Ghana humwita Mwislamu kwa neno hilo. Linatokana na "karamoko", mwalimu wa Kidyula.

Kutoka msituni zilipanda dhahabu na kola. Dhahabu ndiyo inayojaza vitabu vya shule. Kwangu kola ndiyo bidhaa iliyowafanya Wadyula wawe Wadyula, kwa sababu dhahabu haiozi na kola inaoza.

Kola ni kokwa ya mti wa msitu wenye mvua. Ziko aina mbili kubwa sokoni. Moja hupasuka vipande viwili tu ukiitafuna, na ndiyo iliyotakiwa kaskazini; nyingine hugawanyika vipande vitatu hadi sita, na wafanyabiashara wa masafa marefu hawakuijali sana. Ina kafeini kama kahawa, inaondoa njaa na usingizi, ni chungu kwanza kisha maji yoyote unayokunywa baada yake yanakuwa matamu. Haileweshi, na ndiyo maana ilipata nafasi kubwa katika jamii za Waislamu wasiogusa pombe. Hupokelewa mgeni kwa kola, hupelekwa posa kwa kola, hugawiwa kwenye kumpa mtoto jina na kwenye matanga. Mtu wa pwani afikirie tambuu, mtu wa Iringa afikirie kibuyu cha ulanzi na kukitoa kilevi ndani yake. Nyeupe ndiyo yenye heshima na bei kubwa kuliko ya waridi na nyekundu. Kwa Kidyula inaitwa "woro", na eneo la Séguéla na Mankono likaitwa Worodugu, nchi ya kola.

Kazi yenyewe iko hivi. Tumba linapasuliwa, kokwa zinatolewa zikiwa na ngozi nyeupe laini juu yake. Ngozi hiyo inaozeshwa kwa kuzirundika na kuzifunika siku kadhaa, au kwa kuziloweka majini kama siku nzima, kisha zinaoshwa mpaka zing'ae. Zikishachuja maji zinafungiwa kikapuni siku chache "zitoe jasho", ndipo unyevu wa ziada unapoondoka. Ukiruka hatua hii kwa haraka ya kuuza, ukungu utaingia safarini na kikapu kizima kitaharibika. Baada ya hapo kikapu hutandikwa majani mapana mabichi kote, chini, pembeni na juu, kokwa zikawekwa ndani zisiguswe na upepo.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kila baada ya siku chache kikapu kinafunguliwa. Majani yaliyokauka yanatolewa, mapya yanawekwa. Kokwa moja moja inageuzwa mkononi: yenye tundu la fukusi inatupwa mara moja, kwa sababu fukusi wa ndani atahamia kwa majirani; iliyoanza doa jeusi inatengwa iuzwe hapohapo kwa bei ya chini; zilizosinyaa zinanyunyiziwa maji kidogo. Maji yakizidi, zinaoza. Yakipungua, zinakuwa kavu kama ukuni na hakuna anayezitaka. Ikitunzwa hivyo kola hukaa miezi mingi. Anayefunga nyanya za Ilula kwenye tenga kwenda Dar es Salaam anaijua hesabu hii, tofauti ni kwamba tenga lake linafika kesho, na kikapu cha kola kilikuwa njiani kwa majuma.

Sasa jiulize: mtu anayehitaji kufungua vikapu, kupata majani, maji safi, kivuli na watu wa kugeuza kokwa kila baada ya siku chache, katika nchi za watu wasiozungumza lugha yake, atalala wapi? Jibu la Wadyula ni "jatigi".

Tunaweza kumwita mwenyeji, lakini neno lenyewe lina uzito zaidi. "Ja" ni kivuli au roho ya mtu, "tigi" ni mwenye kitu. Jatigi ni anayeshika kivuli chako ukiwa ugenini. Mara nyingi naye ni Mdyula aliyehamia mji ule kizazi kimoja au viwili nyuma, akaoa hapo, akajenga. Msafara ukifika unashukia kwake. Anatoa vyumba vya kulala, stoo ya mizigo, malisho ya punda. Anajua bei ya leo na ya wiki jana. Anamleta mnunuzi, anakaa katikati wakati wa kupatana, anakatiwa chake mali ikiuzwa. Mnunuzi akichukua mali kauli na kuchelewa kulipa, jatigi ndiye anayemfuata, na akishindwa, fedheha na hasara ni vyake. Mgeni akifanya uhalifu mjini, jatigi ndiye anayeitwa mbele ya chifu. Kwa lugha ya Kariakoo, huyu ni dalali, winga, mwenye gesti na mdhamini, wote katika kanzu moja.

Kwa nini asimdhulumu mgeni? Kwa sababu mgeni wa leo ni mpwa wa mtu ambaye keshokutwa atampokea mtoto wake mwenyewe katika mji mwingine. Majina ya ukoo yalifanya kazi ya kitambulisho: Watara, Traoré, Kulibali, Touré, Cissé, Kamaghatay, Timité, Saghanughu. Ukitaja jina lako mwenyeji anajua akupokee vipi, nani ni ndugu na nani ni mtani. Ndiyo, mtani. Kule wanaita "senankuya": koo mbili zilizofungana kwa mzaha, za kutukanana bila kugombana na kupatanishana pakiharibika. Mhehe na Mngoni hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Lugha ikafuata njia hizohizo. Kidyula kikarahisishwa kidogo mdomoni mwa wageni, kikawa lugha ya soko kwa watu ambao si Wadyula, kama Kiswahili kilivyopanda bara na misafara. Leo sokoni Bobo-Dioulasso wanaopatana kwa Kidyula wengi wao nyumbani wanasema lugha nyingine.

Kwenye dhahabu nitapita haraka. Ya vumbi ilipimwa kwa mizani ndogo, kila mfanyabiashara na mawe yake, na mithkali ya Waislamu iliacha alama hata katika vipimo vya shaba vya Waakan. Kila upande ulipima kwa mawe yake mwenyewe kabla ya kukubaliana, na ugomvi wa vipimo haukuisha. Tulio na lumbesa hatuna la kuwacheka. Wareno walipofika pwani ya Ghana mwaka 1471 na kujenga ngome ya Elmina mwaka 1482, walikuwa wanaingilia dhahabu ambayo tayari ilikuwa na wateja kaskazini, na wateja hao walikuwa na nyumba, wake na mikopo huko bara. Meli peke yake haivunji mtandao wa namna hiyo kwa mwaka mmoja.

Tuje kwenye dini, ambapo watu hukosea zaidi. Kuna dhana kwamba Uislamu wa Afrika Magharibi uliingia kwa upanga, kwa kuwa karne ya 18 na 19 zilikuwa na jihadi kubwa. Wadyula walikuwa na fikra nyingine, na waliiandika. Wanaihusisha na al-Hajj Salim Suwari, mwanazuoni wa Kisoninke anayewekwa na wengi mwishoni mwa karne ya 15, ambaye mapokeo yanasema alihiji mara saba. Mafundisho yake kwa ufupi: ukafiri ni ujinga, si uovu, Mungu ndiye anayepanga nani aongoke na lini, kwa hiyo kumlazimisha mtu ni kumharakisha Mungu, jihadi ni ya kujilinda tu pale uhai wa Waislamu wenyewe unapotishwa, Mwislamu anaweza kuishi chini ya mfalme asiye Mwislamu na kumuunga mkono, mradi aachwe afuate sunna, na wajibu wake ni kuwa mfano, ili atakayeongoka apate wa kumwiga. La mwisho ndilo gumu: asome, asije yeye mwenyewe akapotea kati ya wasioamini.

Soma tena orodha hiyo kwa jicho la mtu wa biashara. Aliyeketi katika mji wa mfalme mwabudu mizimu, akimtegemea kwa usalama wa njia, alikuwa na fiqhi, yaani sheria ya dini, iliyomruhusu kuketi pale bila kujiona msaliti. Wapo wanaosema basi ilikuwa dini ya kulinda mtaji. Kwangu hilo ni kuwapunja. Ingekuwa ya mtaji tu, wasingejichosha hivyo na elimu.

Maana elimu yao ilikuwa ya kuchosha kweli. Mtoto alianza kwa karamoko na ubao wa mti. Wino ulikuwa masizi ya chungu yaliyochanganywa na gundi ya mgunga na maji, kalamu ni utete uliochongwa ncha. Aya ikiandikwa, ikasomwa hadi ikashikwa, ubao unaoshwa. Maji hayo ya kuoshea, yakiwa ya aya maalumu, hunywewa au hupakwa kwa kinga na shifaa. Wao huita "nasi", sisi tunaita kombe. Jioni wanafunzi walikwenda shambani kwa mwalimu, na moto wa kuni walizookota wenyewe ndio uliowaangazia somo la usiku.

Aliyeendelea baada ya Kurani na fiqhi ya Imam Malik alipaswa kumaliza vitabu vitatu mbele ya shehe: Tafsiri ya Jalalayn, Muwatta ya Malik, na Shifa ya Qadi Iyad. Akimaliza alipewa ijaza, karatasi yenye silsila ya walimu: fulani alisoma kwa fulani, aliyesoma kwa fulani, hadi kwa Suwari. Silsila nyingi zinapitia kwa Muhammad al-Mustafa Saghanughu, aliyefariki Bobo-Dioulasso miaka ya 1770. Siku ya ijaza mhitimu alivalishwa kilemba hadharani. Kiswahili kina kumbukumbu ya jambo lilelile, ila kwetu kilemba kilikwenda upande wa pili: ni ile ada au zawadi anayopewa fundi au mwalimu mwanafunzi anapohitimu. Kule kinakaa kichwani kwa mwanafunzi, huku kinaingia mfukoni kwa mwalimu.

Mwislamu wa Mbeya au Iringa akiingia msikiti wa Kidyula ataona tofauti ndogo ambazo zisimshtue. Sisi wengi ni Shafi, tunafunga mikono kifuani. Wao ni Maliki, na wengi huiacha ianguke pembeni. Imamu akisoma Fatiha atasikika akisema "maliki yaumi ddin" kwa "ma" fupi, si kwa "maa" ya kuvuta. Hajakosea, ni kisomo cha Warsh, wakati sisi tunasoma cha Hafs. Ukifungua msahafu wa zamani ulioandikwa kwa mkono, herufi fe ina nukta chini na qaf ina moja tu juu. Usiposhtuka mapema utasoma qaf zote kama fe.

Jengo lenyewe linastahili aya yake. Mwaka 2021 UNESCO iliandikisha misikiti minane ya udongo ya kaskazini mwa Ivory Coast katika Urithi wa Dunia: Tengréla, Kouto, Sorobango, Samatiguila, M'Bengué, Kong, Kaouara na Nambira. Mwanzoni mwa karne ya 20 misikiti ya namna hiyo ilikuwa mamia. Iliyobaki ni kama 20. Mtindo ulitoka upande wa Jenne, lakini kusini mvua ni nyingi zaidi, kwa hiyo mafundi wakaifupisha minara, wakainenepesha, na kuziegemeza kuta kwa nguzo nene za udongo zilizochongoka juu. Ni akili ileile iliyofanya tembe la Mhehe, lenye paa bapa la udongo, lisionekane Rungwe, ambako mvua ingeliyeyusha na Wanyakyusa wakajenga kwa mianzi na nyasi. Vile vijiti vinavyochomoza ukutani watalii huvidhani pambo. Ni jukwaa la kudumu la fundi: kila mvua zikipita, ukuta unahitaji kusiribwa upya, na mafundi hupanda juu yake wakiwa na ndoo za udongo. Linaloua misikiti hii ni saruji. Mtu mwenye nia njema anapiga plasta ya saruji ili asisiribe kila mwaka. Maji yanapenya kwenye ufa mdogo, hayawezi kutoka, udongo wa ndani unalowa na kuporomoka huku uso ukionekana mzima. Wenye nyumba za tofali mbichi Mafinga na Makambako wameyaona haya.

Wadyula hawakuwa watu wa kitabu na mzani tu. Jamii yao ilikuwa na pande mbili, wenye elimu na wenye silaha. Kama mwaka 1710 Seku Watara aliushika mji wa Kong akajenga dola iliyolinda njia, na nduguye Famagan akashika upande wa Bobo-Dioulasso. Kong ikawa mji wa vyuo na nguo. Wanawake walisokota pamba, wanaume wakafuma vipande vyembamba vya upana wa kiganja hivi, vikachovywa kwenye mashimo ya nili na kushonwa ubavu kwa ubavu hadi ikatoka shuka ya buluu na nyeupe. Na lisemwe wazi: mashamba na sehemu kubwa ya kazi hiyo vilitegemea watumwa, na watumwa wenyewe walikuwa bidhaa kwenye njia zilezile za kola. Shehe aliyeishi kwa amani na mfalme kafiri hakukosa usingizi kwa hilo.

Wazungu nao waliijua Kong kwa kioja. Ramani ya James Rennell ya mwaka 1798 ilichora "Milima ya Kong", safu ndefu ikikata Afrika Magharibi, na wachoraji wakanakiliana karibu karne nzima. Mfaransa Louis-Gustave Binger aliingia Kong tarehe 20 Februari 1888, akakuta mji wa watu kama 15,000, misikiti mitano, mafundi wa nguo, na tambarare. Milima haikuwapo.

Miaka tisa baadaye mji huo uliangamizwa, na aliyeuangamiza ni Samori Touré, yuleyule wa mada ya upinzani katika Historia ya sekondari. Samori alizaliwa kama mwaka 1830 katika ukoo wa wafanyabiashara, yeye mwenyewe akaanza maisha kama jula mdogo. Mama yake alipotekwa na ukoo wa Cissé, aliingia jeshini kwao ili amkomboe, na hapo akajifunza vita. Mwaka 1897, akisukumwa mashariki na Wafaransa na kuishuku Kong kwamba iko upande wao, akaivunja. Wafaransa walimkamata Guélémou tarehe 29 Septemba 1898, siku 72 baada ya Mkwawa kujipiga risasi tarehe 19 Julai. Wanafunzi wa Iringa huwaandika wote wawili katika swali moja la mtihani. Wachache huambiwa kwamba Samori alibomoa mji mkuu wa watu wa jamii yake ya biashara.

Kong ilijengwa upya, ndogo. Wadyula walihamia kwenye reli, malori na masoko ya miji mipya. Ukienda leo kununua kwao, jiandae na hesabu. Kidyula huhesabu fedha kwa tano tano: kipimo ni "dorome", yaani faranga 5, neno linalofanana na dirhamu, kama sumni yetu ilivyokuwa thumuni. "Tan" ni kumi, lakini sokoni ni faranga 50. "Mugan" ni ishirini, unalipa 100. "Keme" ni mia, unalipa 500. Zamani ilikuwa ngumu zaidi: Mungo Park aliandika kwamba kwenye kuhesabu kauri waliita 80 "mia", na 60 "mia ya Kimanding". Kwa hiyo mama wa vitambaa akikwambia "keme fila", usimpe faranga 200 ukadhani umepata bei ya bure. Anataka 1,000. Mzidishie kwa tano kwanza, msalimie "i ni sogoma" kama bado ni asubuhi, ndipo uanze kuomba apunguze.